Janusz Korczak: Mlezi Aliyekubali Kuhukumiwa na Watoto

Utangulizi

Wahenga walipousia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, walimpa mtu mzima kazi ya kukunja, na mtoto wakamwachia kazi ya kukunjwa. Hivyo ndivyo usia huo unavyofasiriwa katika vituo vingi vya kulelea watoto. Ratiba ya siku huandaliwa na mwalimu, hubandikwa ukutani na mwalimu, na ikibidi hubadilishwa na mwalimu yuyo huyo. Mtoto huipokea kama apokeavyo jua na mvua. Haulizwi apendalo kucheza, wala lile limchoshalo, wala sababu ya kuchoka. Aghalabu huchukuliwa kwamba umri wake haujamruhusu kuwa na rai.

Janusz Korczak, daktari na mwandishi wa Poland, aliutilia shaka mtazamo huo, kisha akaishi maisha yake yote kwa mujibu wa shaka hiyo. Kwa muda wa miaka 30, kuanzia 1912 hadi 1942, aliyaongoza makao ya watoto yatima mjini Warsaw ambamo watoto walikuwa na bunge lao, mahakama yao, gazeti lao na kalenda yao. Jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya namna alivyokufa. Hata hivyo, kifo hicho hakieleweki barabara pasipo kuyaelewa kwanza maisha ya kila siku katika nyumba ile: nani alifagia, nani alipiga kura, nani alishtaki na nani alisamehewa.

Utoto na Ujana

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Henryk Goldszmit. Alizaliwa mjini Warsaw tarehe 22 Julai, mwaka wa 1878 au 1879. Mwaka wenyewe una utata kwa kuwa baba yake alichelewa kumwandikisha. Wakati huo Warsaw ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi wenye elimu na mali, waliozungumza Kipolandi na kujihesabu kuwa sehemu ya umma wa Poland. Baba yake, Józef Goldszmit, alikuwa wakili mwenye sifa.

Utajiri huo haukumzuia kuonja upweke. Alilelewa ndani, mbali na watoto wa uani, ambao mama yake aliwaona kuwa si wa hadhi yake. Akiwa na umri wa miaka 5 alifiwa na ndege wake wa kufugwa, akataka kumzika na kumwekea msalaba kaburini. Mtoto wa mlinzi wa jengo akamkataza, akimfahamisha kwamba ndege yule, kama mwenyewe, alikuwa Myahudi. Tukio hilo dogo lilibaki moyoni mwake hata uzeeni. Shuleni nako alikutana na nidhamu ya kiboko, na hofu aliyoiona machoni pa wenzake haikumtoka.

Baba yake alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa hospitalini mara kadhaa, na kufariki mwaka wa 1896. Mali ikayeyuka. Kijana Henryk akalazimika kufundisha watoto wa matajiri majumbani mwao ili amsaidie mama yake na dada yake, Anna. Hapo ndipo alipogundua kwamba alipenda kukaa na watoto, na kwamba nao walipenda kukaa naye.

Mwaka wa 1898 alijiunga na masomo ya udaktari. Mwaka huohuo alishiriki shindano la uandishi akitumia jina la Janusz Korczak, alilolichota kutoka kwa mhusika wa riwaya ya Józef Ignacy Kraszewski. Jina la kubuni likalifunika la kuzaliwa. Alihitimu mwaka wa 1905, akapelekwa kutibu askari katika vita vya Urusi na Japani, kisha akarejea Warsaw na kufanya kazi katika hospitali ya watoto. Matajiri aliwatoza ada, maskini akawatibu bure. Lakini jambo moja lilimkera: mtoto aliyetibiwa na kupona alirudi kwenye chumba kilekile chenye unyevu na njaa ileile. Dawa iliponya kifua pekee, ila maisha yalibaki yalivyokuwa.

Funzo la Kambini

Kabla ya kuwa na makao yake, Korczak alijifunza ulezi katika kambi za likizo za watoto wa mitaa maskini. Mwaka wa 1904 alikwenda Michałówka na kundi la wavulana wa Kiyahudi, naye akiwa amejawa na mipango. Alikuwa amewaza michezo, hadithi na nyimbo. Aliwapangia nafasi za kulala na za kula kwa utaratibu uliompendeza yeye. Wavulana hawakuupokea utaratibu huo. Usiku kelele zilizuka bwenini, na kijana huyo aliyejiona rafiki wa watoto akajikuta akitumia vitisho alivyovichukia tangu shuleni.

Kilichomwokoa ni uamuzi wa kuketi nao msituni na kuzungumza. Hadi hapo alikuwa amewahutubia watoto. Sasa alizungumza nao. Aliwaeleza shida yake kama kiongozi, akawauliza wao wangefanyaje. Majibu yalikuja mengi, na mengi yalikuwa ya busara. Alitambua kwamba mtoto ndiye mjuzi wa maisha yake mwenyewe, na kwamba mlezi asiyemshauri mjuzi huyo anafanya kazi gizani. Miaka ya baadaye alilieleza funzo hilo kwa urefu katika kitabu chake kuhusu namna ya kumpenda mtoto, alichokianza akiwa daktari wa jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Nyumba ya Barabara ya Krochmalna

Mwaka wa 1912 shirika la kuwasaidia yatima wa Kiyahudi lilifungua jengo jipya katika nambari 92, Barabara ya Krochmalna. Korczak aliwekwa kuwa mkurugenzi, na Stefania Wilczyńska akawa mlezi mkuu. Ni vigumu kumtaja mmoja bila mwingine. Korczak aliwaza, akaandika na kuzunguka. Stefania alihakikisha kwamba mashuka yamefuliwa, kikohozi kimesikika na wazo lililobuniwa usiku limetekelezeka asubuhi. Watoto wapatao 100, wengi wao wa umri wa kati ya miaka 7 na 14, waliishi humo.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kupita kiasi. Nyumba ilikuwa na maji ya bomba, joto na vyumba vikubwa safi, lakini watoto waliotoka katika vyumba finyu walijiona wamepotea. Waliyapinga masharti, wakakataa kazi, wakaungana dhidi ya walezi. Korczak hakuyaona mapambano hayo kuwa utundu tu. Aliona kwamba sheria isiyomhusisha anayetawaliwa huzaa ama woga ama uasi. Kwa hiyo akaanza kuitoa mikononi mwake sehemu moja baada ya nyingine.

Alianza na kazi za nyumbani. Ufagio na kitambaa cha kupangusia, ambavyo katika nyumba nyingi hufichwa chini ya ngazi, viliondolewa mafichoni na kuwekwa mahali pa heshima. Kazi zikagawanywa kwa zamu, na kila mtoto akaomba zamu aliyoitaka: kufagia ngazi, kuandaa meza, kutunza vitabu, kumsaidia mgonjwa. Nusu saa ya kazi ilihesabiwa kuwa kipimo kimoja, na vipimo viliandikwa. Hivyo kazi ikawa na jina, hesabu na mwenyewe. Mtoto mgeni alikabidhiwa kwa mwenziwe mkubwa aliyemwongoza kwa muda wa miezi 3.

Vilifuata vyombo vya mawasiliano. Ubao wa matangazo ulitundikwa pale ambapo kila mtu angeweza kuusoma na kuutumia, awe mtoto au mlezi. Sanduku la barua liliwekwa ili mtoto mwenye swali, ombi au lalamiko aliandike na kusubiri jibu. Korczak alithamini kusubiri huko. Mtoto anayeandika hulazimika kupambanua jambo linalomkera kweli na lile la kupita, naye mlezi hupata wasaa wa kujibu kwa utulivu. Hata vikorokoro vya mifukoni, yaani kamba, shanga, misumari na manyoya ya ndege, vilitambuliwa kuwa mali halisi ya mtoto. Hakuna aliyeruhusiwa kuvitupa kwa kisingizio cha usafi.

Bunge na Kalenda

Baada ya vita, mfumo huo ulifikia kilele chake kwa kuundwa bunge la watoto lenye wajumbe 20. Kila watoto 5 walifanya eneo moja la uchaguzi, na aliyepata kura 4 alikuwa mbunge. Watoto wote walipiga kura. Kugombea kulihitaji mgombea awe hajapatikana na hatia ya kukosa uaminifu, ingawa aliyekosa alipewa njia ya kujisafisha. Bunge lilipitisha au kukataa sheria zilizopendekezwa, na lilikuwa na usemi kuhusu siku za pekee za mwaka.

Katika kalenda hiyo ndipo sauti ya watoto inaposikika waziwazi. Tarehe 22 Desemba, siku fupi kuliko zote katika nchi za kaskazini, mtoto aliruhusiwa kubaki kitandani kwa kuwa mchana mdogo namna ile haukustahili kuamkiwa. Tarehe 22 Juni, siku ndefu kuliko zote, aliyetaka hakulazimika kulala. Siku ya theluji ya kwanza ilitengewa kuteleza na kucheza nje. Palikuwa na siku ya kuwakumbuka waliokufa. Palikuwa na siku ya kuwaheshimu wapishi, ambao mwaka mzima walikuwa wamepika bila kukosa. Palikuwa hata na siku ya wachafu, ambapo kunawa hakukuwa lazima.

Msomaji anaweza kuyacheka hayo, na bila shaka watoto wenyewe waliyacheka. Lakini mpango wa namna hii una uzito. Anayepanga sikukuu hujifunza kuutazama mwaka mzima kwa pamoja. Anayependekeza siku ya wapishi amekwisha kutambua kwamba chakula hakijipiki. Anayedai siku moja ya uchafu anakiri, pasipo kuhubiriwa, kwamba siku nyingine zilizosalia ni za usafi. Korczak hakuwapa watoto ratiba ya kuchezea. Aliwapa sehemu ya ratiba halisi, na nyumba nzima, pamoja na walezi, ikaifuata.

Mahakama

Chombo alichokithamini kuliko vyote ni mahakama. Mahakimu walikuwa watoto, waliochaguliwa kwa kura ya bahati miongoni mwa wale ambao hawakuwa na kesi katika juma hilo. Yeyote aliweza kushtaki: aliyepigwa, aliyeitwa jina baya, aliyenyang'anywa kalamu. Kanuni za sheria, zilizoandikwa na Korczak mwenyewe, zilikuwa na muundo wa ajabu. Vifungu 99 vya kwanza vilikuwa vya kuacha kesi, kufafanua au kusamehe. Hatia yenyewe ilianza katika kifungu cha 100, kisha vifungu vikaruka kwa mamia hadi 1000, ambacho kiliamuru kufukuzwa. Mpangilio huo ulikuwa na maana yake: hakimu mtoto alipita katika njia nyingi za msamaha kabla ya kuufikia mlango wa adhabu.

Mahakama haikukubalika kwa urahisi. Wapo walioidharau, wapo walioitumia kuwatishia wenzao, na kesi za kipuuzi zikajaa. Mambo yalipozidi, ilisimamishwa kwa majuma kadhaa. Iliporejeshwa ilikuwa imefanyiwa marekebisho, mojawapo likiwa haki ya watoto kuwashtaki walezi. Korczak alikuwa amekwisha kuonyesha njia. Katika kipindi cha nusu mwaka alijifikisha mwenyewe mbele ya mahakama hiyo mara 5: kwa kumpiga mvulana kofi, kwa kumtoa mwingine bwenini, kwa kumsimamisha mtoto pembeni, kwa kumtusi hakimu, na kwa kumshuku msichana kuwa mwizi. Aliandika utetezi wake kama mshtakiwa mwingine yeyote, akaipokea hukumu.

Hapa ndipo penye kiini cha mafunzo yake. Mtu mzima anaweza kuwauliza watoto maoni huku akijua kwamba mwishowe atafanya apendavyo. Huko ni kuwapumbaza. Ushiriki wa mtoto huwa wa kweli pale tu mtu mzima anapoachia kitu fulani ambacho hawezi kukirudisha kwa neno moja. Korczak aliachia kinga yake.

Si kila alilolibuni linastahili kuigwa. Watoto walipigiana kura kwa alama za kujumlisha, kutoa na sufuri ili kuonyesha kama mwenzao anapendwa, hapendwi au yupo tu, na matokeo yaliathiri daraja lake nyumbani. Mtoto mgumu wa tabia angeweza kujeruhiwa na kura hizo, na wataalamu wa malezi wana haki ya kuzihoji. Hata hivyo, kura hizo ziliwahusu walezi pia, na aliyekosa alipewa nafasi ya kupigiwa kura upya.

Kalamu na Redio

Kazi ya makao haikumnyima Korczak uandishi. Mwaka wa 1923 ilitoka riwaya yake ya watoto kuhusu Mfalme Maciuś wa Kwanza, mvulana anayerithi ufalme na kuunda bunge la watoto. Bunge hilo la kubuni linaporomoka kwa sababu watoto wanatwikwa utawala wote kwa siku moja bila maandalizi. Aliyeiandika hadithi hiyo alizijua hatari za wazo lake kuliko wapinzani wake.

Oktoba 1926 alianzisha gazeti la watoto, Mały Przegląd, lililotoka kila juma kama nyongeza ya gazeti la Kiyahudi la watu wazima. Waandishi wake walikuwa watoto kutoka sehemu mbalimbali za Poland, na toleo la mwisho lilitoka tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia nchi hiyo. Mwaka wa 1929 alichapisha kitabu kifupi kuhusu haki ya mtoto ya kuheshimiwa. Katika miaka ya 1930 alisikika redioni kwa jina la Daktari Mzee, hadi chuki dhidi ya Wayahudi ilipomnyamazisha kwa muda. Alishirikiana pia na Maria Falska katika makao mengine ya watoto wa Kipolandi, yaliyoanzishwa Pruszków mwaka wa 1919.

Geto na Safari ya Mwisho

Novemba 1940 Wanazi waliwafungia Wayahudi wa Warsaw ndani ya geto, na makao yakalazimika kuhama Krochmalna. Siku za kuhama, shehena ya viazi vya watoto ilinyakuliwa. Korczak akaenda kuidai kwa wakuu wa Kijerumani bila kuvaa utepe wa mkononi walioamriwa Wayahudi wote, akatiwa gerezani. Alipotoka, afya yake ilikuwa imedhoofu. Kila siku alizunguka na gunia akiomba chakula. Mapema mwaka wa 1942 alijitolea kusimamia pia kituo kingine, ambamo watoto waliotelekezwa walikuwa wakifa kwa wingi.

Ndani ya njaa hiyo, makao yaliendelea kuwa makao. Zamu zilipangwa, mikutano ilifanyika, mashtaka yalisikilizwa. Mtu anaweza kuuliza bunge na kalenda vina faida gani kwa mtoto asiye na mkate. Jibu linapatikana katika lengo la geto lenyewe: lilikusudia kumfanya binadamu awe kitu kisicho na kesho. Mtoto mwenye zamu ya kesho bado ana kesho. Tarehe 18 Julai 1942 watoto waliigiza tamthilia ya Rabindranath Tagore kuhusu mvulana mgonjwa anayesubiri barua ya mfalme. Siku 4 baadaye Wanazi walianza kuwahamisha wakazi wa geto.

Marafiki nje ya ukuta walikuwa wamemwandalia Korczak njia ya kutoroka. Aliikataa. Stefania Wilczyńska, aliyekuwa Palestina, alikuwa amekwisha kurejea mwaka wa 1939 ili awe na watoto. Mapema mwezi wa Agosti 1942 amri iliwafikia. Watoto wapatao 200 na walezi wao walitembea kwa safu hadi kituo cha garimoshi, Korczak akiwa kati yao, wakasafirishwa hadi Treblinka na kuuawa.

Wengi huusimulia mwendo ule kama muujiza wa ushujaa. Mwenyewe yaelekea angeuona kuwa jambo la kawaida. Kwa miaka 30 alikuwa ameishi chini ya sheria moja na watoto wale. Asingeweza kutafuta, siku ya mwisho, kifungu cha kumwondoa yeye peke yake.

Hitimisho

Mwaka wa 1978 Poland ilipendekeza kuwepo mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto, na fikra za Korczak zilikuwa sehemu ya urithi wa pendekezo hilo. Mkataba ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, na Kenya ikauridhia mwaka wa 1990. Kifungu chake cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo kuzingatiwa kulingana na umri na ukomavu wake. Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya 2001, na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake, zimejengwa juu ya msingi huo. Mwaka wa 2005 kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua kwamba hata watoto wadogo sana wanahusika, kwa kuwa huchagua na kuwasilisha hisia zao kwa njia nyingi kabla ya kuweza kusema au kuandika.

Mwalimu wa chekechea mwenye watoto wa miaka 4 hahitaji kuunda bunge. Mtoto wa umri huo hupiga kura kwa miguu yake: kona anayoikimbilia, mchezo anaouacha katikati, mchoro anaourudia. Mwalimu anayeyatazama hayo, akawauliza watoto, na kesho yake akabadilisha angaa jambo moja katika mpango wake kwa sababu yao, amekwisha kuingia katika nyumba ya Krochmalna. Samaki bado atakunjwa angali mbichi. Korczak alidai tu kwamba samaki huyo ana macho, na kwamba anamwona anayemkunja.